Desemba, tiketi za mabasi na namba ya max_connections

Kuna ujumbe mmoja wa PostgreSQL, programu ya kutunza hifadhidata, ambao kila anayetunza seva hukutana nao siku moja: samahani, wateja tayari ni wengi mno. Hujitokeza kwenye logi, kumbukumbu ya matukio ya seva, mara moja moja, halafu unaongezeka hadi skrini nzima inajaa huo tu. Ukifungua faili la mipangilio, dawa inaonekana iko mezani. Pameandikwa max_connections, yaani miunganisho mingi zaidi inayoruhusiwa kwa pamoja, mbele yake 100, namba ambayo PostgreSQL huja nayo tangu inaposakinishwa. Wanaotaka kuingia wamezidi 100. Basi si iandikwe 600?

Nimeitwa kwenye kampuni kadhaa baada ya namba hiyo kuongezwa, na sijawahi kuona imesaidia pale ilipoongezwa mzigo ukiwa umeshapanda. Nitasimulia moja ya safari hizo kwa urefu, kwa sababu kila kinachoweza kuharibika kiliharibika pale, kimoja kikivuta kingine. Vijana wengi wanaoingia kwenye kazi hii hawaelezwi mnyororo huo mpaka uwakute wenyewe usiku wa manane.

Kampuni hiyo inauza tiketi za mabasi kwa simu. Anayeijua Dar es Salaam anajua Desemba ilivyo. Kuanzia katikati ya mwezi jiji linaanza kumwaga watu: Moshi, Arusha, Bukoba, Mbeya, Songea. Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis kinajaa tangu alfajiri, na ambaye hajakata tiketi mapema anajua atasimama au atalipa mara mbili kwa mpigadebe. Kwa hiyo watu hununua usiku, wakiwa nyumbani, wamemaliza kula. Saa mbili hadi saa tano usiku ndiyo saa ya moto.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa kawaida. Seva kuu moja ya PostgreSQL toleo la 13, memori GB 32, prosesa yenye kori 8. Pembeni yake seva ya nakala, inayopokea kila badiliko kutoka seva kuu na kujibu maswali ya ripoti. Mbele yao seva kadhaa za programu, kila moja ikifungua miunganisho yake yenyewe moja kwa moja hadi kwenye hifadhidata, bila chochote katikati.

Simu ilikuja usiku. Aliyepiga ni kijana anayesimamia mifumo, mchapakazi sana, na sauti yake ilikuwa imechoka.

“Dada, shikamoo. Samahani kwa usiku huu.”

“Marahaba. Kuna nini huko?”

“Hifadhidata inaanguka, dada. Inainuka, inakaa dakika chache, inaanguka tena. Tumetoa miunganisho mia moja tukaweka mia sita, lakini ndiyo imezidi.”

“Kabla hamjaongeza, ilikuwa inaanguka?”

Akanyamaza kidogo. “Hapana. Ilikuwa inakataa watu tu. Wengine walikuwa wanapata.”

Ndani ya jibu hilo mlikuwa na sehemu kubwa ya nilichohitaji kujua. Seva inayokataa watu iko hai. Wa 101 anapata ujumbe wa kukataliwa, lakini mia waliomo ndani wanaendelea na kazi yao, wanamaliza, wanatoka, nafasi inapatikana. (Kwa hakika ni 97, maana PostgreSQL hutenga nafasi 3 kwa msimamizi mkuu ili mwenye seva asifungiwe nje ya nyumba yake. Nafasi hizo zisiguswe kwa matumizi mengine yoyote.) Mteja aliyekataliwa anakasirika, na ana haki. Ila akijaribu tena baada ya nusu dakika anaweza kupata. Seva iliyoanguka haimpi mtu yeyote chochote, na inakatiza hata waliokuwa wamebakiza hatua moja wapate kiti.

Sasa tufuate kilichotokea, tangu namba ilipobadilishwa.

PostgreSQL husoma max_connections wakati wa kuwaka tu. Haibadilishwi ikiwa inafanya kazi, kwa sababu wakati wa kuwaka ndipo inapotenga memori ya pamoja: orodha ya michakato yote inayoweza kuwepo, jedwali la kufuli, na vinginevyo ambavyo ukubwa wake hupigwa kwa namba hiyo. Kwa hiyo “kuongeza miunganisho” maana yake ni kuzima na kuwasha upya, na hapa ilifanyika saa tatu usiku, katika kilele cha mauzo. Kuzima kwenyewe kulichukua muda. Seva ikizimwa kwa njia ya kawaida hukata miunganisho yote, kisha huandika diskini kurasa zote zilizobadilishwa ambazo bado ziko kwenye memori. Chini ya mzigo kurasa hizo ni nyingi. Anayejua hili hutoa amri ya CHECKPOINT kwanza, ya kuandika kurasa hizo diskini, seva ikiwa bado inahudumia watu, ili wakati wa kuzima ubaki mzigo mdogo wa kuandika. Ni hatua ndogo inayookoa dakika nzito.

Ilipowaka, kache yake, memori inayoshika data inayoulizwa mara kwa mara, ilikuwa tupu. Ile shared_buffers ya GB 8, iliyokuwa imejaa ratiba, viti na bei zinazoulizwa kila sekunde, ilianza sifuri. Linux, mfumo endeshi wa seva, ilikuwa bado na sehemu ya data kwenye kache yake, kwa hiyo si kila kitu kilitoka diskini, lakini maswali yaliyokuwa yanajibiwa papo hapo yakawa mazito. Swali likichelewa, muunganisho wake unashikiliwa muda mrefu zaidi. Miunganisho ikishikiliwa muda mrefu zaidi, inahitajika mingi zaidi. Na sasa ruhusa ya kuwa mingi ilikuwepo: 600.

Hapo inaingia memori, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu hii jambo lote linabaki kama uchawi.

Kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato kamili wa Linux, unaozaliwa na mchakato mama. Hata ukikaa bila kufanya kitu unakula memori kiasi. Ukianza kupanga data au kuunganisha majedwali unaruhusiwa kutumia memori ya ziada hadi kiwango kinachoitwa work_mem. Kinachowapita wengi ni kwamba work_mem hairuhusiwi mara moja kwa kila muunganisho. Inaruhusiwa kwa kila hatua ya kupanga au ya kuunganisha ndani ya swali, na swali moja linaweza kuwa na hatua mbili, tatu au zaidi. PostgreSQL huja na work_mem ya MB 4. Pale mtu wa ripoti za uhasibu alikuwa ameomba iongezwe, ikawekwa MB 64 kwa seva nzima.

Chukua hatua mbili tu kwa swali. MB 64 mara 2 mara miunganisho 100 ni karibu GB 13. Ukijumlisha na GB 8 za shared_buffers, seva ya GB 32 inahimili, ingawa kwa kubanwa. Sasa weka 600 mahali pa 100. Ni karibu GB 77. Siku za kawaida miunganisho haifiki kileleni yote kwa pamoja, na hiyo ndiyo sababu mpangilio mbaya unaweza kuishi miaka bila kujionyesha. Lakini saa ya mzigo mkubwa ndiyo hiyo ambayo wote wanataka kitu kimoja kwa wakati mmoja: basi la Moshi la tarehe 23, viti vilivyobaki, bei.

Kwa kawaida Linux huahidi memori kuliko iliyonayo, ikitegemea kwamba programu nyingi huomba zaidi ya zinachotumia. Ahadi zikidaiwa zote kwa pamoja, kerneli, kiini cha Linux, haina namna ila kuua mchakato mmoja ili mingine ipumue. Huchagua, kwa sehemu kubwa, unaokula memori nyingi. Kwenye seva ya hifadhidata, mwenye kula memori nyingi ni nani kama si hifadhidata yenyewe? Mchakato mmoja wa PostgreSQL ukauawa kwa ishara namba 9, ile ya kuua papo hapo.

Vijana waliona “ishara 9” kwenye logi ya PostgreSQL wakaanza kuulizana nani ametoa amri ya kill. Mmoja alishaanza kubadilisha nywila za seva akidhani wameingiliwa. Jibu lilikuwa kwenye logi ya kerneli, unayoiona kwa amri ya dmesg: memori imekwisha, mchakato fulani umeuawa, namba yake hii, ulikuwa unatumia kiasi hiki. Nashauri hilo liwe la kwanza kabisa kuangaliwa PostgreSQL inapoanguka bila kueleza sababu. PostgreSQL haiwezi kukueleza kwa nini imeuawa, kwa sababu aliyeiua yuko nje yake.

Umeuawa mchakato mmoja kati ya mia kadhaa. Kwa nini basi wote walikatika? Mchakato mama unapoona mtoto amekufa ghafla bila kuaga, haujui alikuwa anafanya nini kwenye memori ya pamoja. Huenda alikuwa anasoma tu. Huenda alikuwa katikati ya kuandika ukurasa wa viti. PostgreSQL haibahatishi na data ya watu: inakata michakato mingine yote, inaitupa memori ile ya pamoja, inatengeneza mpya, kisha inarudia mabadiliko yaliyoandikwa kwenye logi ya miamala tangu CHECKPOINT ya mwisho. (Muamala ni kundi la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kufutwa yote.) Nimesikia watu wakiulalamikia uamuzi huo. Mimi naushukuru. Usiku ule hakuna kiti hata kimoja kilichouzwa mara mbili kwa sababu ya data iliyoharibika, na ni kwa sababu ya ukali huo.

Wakati wa kujirejesha, kila anayebisha hodi huambiwa asubiri, hifadhidata inajirejesha. Seva za programu hazikuwa zimefundishwa kusubiri. Zilikuwa zinajaribu upya papo hapo, zote, bila kupumzika. Hifadhidata ilipofungua tu, nafasi 600 zilijaa ndani ya sekunde chache, kila moja ikizaa mchakato mpya, kila mmoja ukiuliza maswali mazito kwa kache iliyo tupu tena. Memori ikapanda, kerneli ikaua, mama akakata wote. Dakika chache baadaye, vivyo hivyo.

Na bado sijaisema seva ya nakala.

Katika PostgreSQL, nakala inayojibu maswali lazima iwe na max_connections isiyopungua ile ya seva kuu. Seva kuu ilipowaka na 600, iliandika badiliko hilo kwenye logi ya miamala. Nakala, yenye 100, ilipolifikia ikazima yenyewe. Hivyo ndivyo toleo la 13 na yaliyotangulia yanavyofanya. Kuanzia toleo la 14 nakala husimamisha kutekeleza mabadiliko lakini huendelea kujibu maswali, ikimpa mtunzaji nafasi ya kurekebisha. Utaratibu sahihi ni huu: ukiongeza, anza na nakala ndipo uende kwa seva kuu, ukipunguza, anza na seva kuu, nakala ifuate. Pale hakuna aliyekuwa ameambiwa. Na kwa kuwa programu ilikuwa imeandikwa kwamba nakala isipopatikana ripoti ziende seva kuu, ripoti zile za uhasibu, zenye kula MB 64 kwa kila hatua, zikahamia kwenye seva iliyokuwa tayari inakufa. Mwenye wazo la ripoti kuhamia seva kuu alikuwa na nia njema. Alitaka uhasibu usisimame. Lakini ripoti inaweza kungoja hadi asubuhi. Anayesafiri alfajiri hawezi.

Nilipomaliza kuelewa, nilimwambia kijana tunarudisha 100. Akasema lazima bosi aridhie. Tukampigia.

“Mama, tunaomba kupunguza miunganisho irudi mia moja.”

“Mpunguze? Wateja wamejaa hivi nyie mnapunguza?”

Nikaomba niongee naye mwenyewe. Nilimweleza kwamba sasa hivi kila dakika chache anapoteza wateja wote, na kwamba kwa 100 atapoteza baadhi, wengine watanunua. Aliuliza swali moja tu, na lilikuwa swali la mfanyabiashara hasa: “Kwa hiyo kuna tiketi zitauzwa usiku huu?” Nikamwambia zitauzwa. Akaruhusu.

Tukazima seva za programu kwanza, nusu yake, ili hifadhidata isipokelewe na kundi lile lile. Tukarudisha 100. Tukarudisha work_mem MB 4 kwa seva nzima, na ile MB 64 tukampa mtumiaji wa ripoti peke yake, maana PostgreSQL inaruhusu kuweka mpangilio kwa mtumiaji mmoja kwa ALTER ROLE. Tukazima njia ya ripoti kuhamia seva kuu. Nakala ilikuwa na ukaidi wake: haikukubali kuwaka na 100, kwa sababu ilikuwa bado haijavuka sehemu ya logi inayosema 600. Tukaiwasha na 600 kwa muda, ikasoma logi hadi ilipofika pale seva kuu iliporudi 100, ndipo tukaipunguza nayo. Kisha seva za programu zikarudi moja baada ya nyingine, tukiangalia memori kila mara.

Wapo waliokataliwa usiku ule. Lakini tiketi ziliuzwa mfululizo na seva haikuanguka tena.

Asubuhi tuliuliza swali ambalo lilitakiwa kuulizwa kabla ya namba kuguswa: miunganisho ile mia inafanya nini? PostgreSQL inajibu swali hili waziwazi kupitia pg_stat_activity. Unahesabu miunganisho kwa hali yake: inayofanya kazi, iliyotulia, na ile iliyotulia ndani ya muamala ulio wazi. Ya kundi la mwisho ndiyo ya kuogopa. Pale, saa ya mauzo, ilikuwa mingi kuliko mingine yote. Muunganisho umefungua muamala, umefunga kiti kwa kufuli, halafu umekaa. Unasubiri nini?

Ulikuwa unasubiri mtu aingize namba ya siri.

Tukafungua programu. Mteja akichagua kiti, programu ilifungua muamala, ikakifunga kiti asikichukue mwingine, kisha ikapeleka ombi la malipo kwenye simu ya mteja, ikasubiri jibu, na ndipo ikamaliza muamala. Muunganisho wa hifadhidata ulishikiliwa muda wote huo. Na sisi sote tunajua malipo ya simu yanavyokuwa. Kisanduku cha namba ya siri kinakuja mtu akiwa anazungumza. Au salio halitoshi, anampigia kaka yake amrushie kwanza. Au simu ni ya mama, na mama yuko jikoni, mtoto anaipeleka na kuirudisha. Sekunde arobaini zinapita bila mtu kufanya kosa lolote. Ndivyo watu wanavyoishi, na mfumo unaowauzia tiketi unatakiwa kulijua hilo.

Kuna kanuni ya foleni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961, na sijapata chombo kinachonifaa zaidi ya hiyo katika kazi hii. Idadi ya waliomo ndani ni sawa na wanaoingia kwa sekunde mara muda ambao kila mmoja anakaa. Wateja 10 kwa sekunde, kila mmoja akishika muunganisho sekunde 40, ni miunganisho 400. Wateja hao hao 10, kama muunganisho unashikwa kwa kazi ya hifadhidata peke yake, tuseme sekunde 0.02, ni 0.2. Hata muunganisho mmoja haujai. Seva haikuwa na upungufu wa nafasi hata kidogo. Nafasi zilikuwa zimekaliwa na watu wanaotafuta salio.

Marekebisho ya programu hayakuwa makubwa. Kiti kikichaguliwa, kinaandikwa kuwa kimeshikwa na mteja fulani hadi saa fulani, muamala unafungwa pale pale, muunganisho unarudi. Malipo yanasubiriwa nje ya hifadhidata. Jibu likija, muamala mwingine mfupi unakigeuza kiti kuwa kimeuzwa. Muda ukipita bila jibu, kiti kinahesabika kiko huru. Na kama kinga, tukaweka idle_in_transaction_session_timeout, mpangilio uliopo tangu toleo la 9.6, ili muamala wowote unaokaa wazi bila kazi zaidi ya sekunde 10 ukatwe. Siku za mwanzo ulikata miamala kadhaa, na kila uliokatwa ulituonyesha kona nyingine ya programu yenye tabia ile ile. Kwa hiyo ulitufanyia na kazi ya upelelezi.

Halafu tukaweka PgBouncer katikati. Ni programu ndogo iliyoanzia Skype mwaka 2007. Seva za programu zinaungana nayo, yenyewe inashikilia miunganisho michache halisi hadi PostgreSQL na kuigawa kwa zamu. Ikiwekwa katika hali ya muamala, mteja anapewa muunganisho halisi kwa muda wa muamala wake tu. Nje wanaweza kusimama elfu mbili, ndani wakapita thelathini thelathini. Anayevuka kwenda Kigamboni kwa pantoni anaijua hekima yake: abiria wanangoja nchi kavu, Magogoni, geti limefungwa, na pantoni inabeba inachoweza kubeba. Hakuna anayefurahia kungoja, lakini kukipakia chombo kila aliyefika getini kungewazamisha wote.

Ina masharti yake. Katika hali ya muamala, chochote kinachotegemea kubaki kwenye muunganisho ule ule kinaweza kukugeuka: mipangilio ya kipindi (muda wote mteja anapokuwa ameunganishwa), LISTEN (amri ya kungoja taarifa), kufuli za hiari za kipindi. Maswali yaliyotayarishwa mapema nayo hayakufanya kazi katika hali hiyo mpaka toleo la 1.21 la mwaka 2023. Maktaba nyingi za programu huyatumia kimyakimya, kwa hiyo kwa toleo la zamani unatakiwa kuyazima. Jaribu haya mwezi Oktoba. Desemba tarehe 20 si siku ya kujaribu kitu.

Na ndani wapite wangapi? Prosesa ya kori 8 inaweza kuendesha michakato 8 kwa wakati mmoja, mingine inapokezana. Kuna kanuni ya kienyeji ya watu wa PostgreSQL: kori mara mbili, ongeza idadi ya diski. Kwa seva ile inatoka 17 au 18. Tulipima kwa mzigo wa kutengeneza, tukaishia karibu na 30, kwa kuwa maswali yake mengi yalikuwa mafupi sana. Zaidi ya hapo kila mtu alichelewa. Ilimshangaza sana bosi alipoona kwa macho yake kwamba miunganisho 30 inauza tiketi nyingi kwa dakika kuliko 300. Ongezea kwamba kabla ya toleo la 14, la mwaka 2021, kila muamala ulipotaka kujua miamala mingine iliyo hai ulilazimika kupitia orodha ya miunganisho yote, hata iliyolala. Miunganisho mingi iliyotulia ilikuwa na gharama yake, na watu hawakuiona popote kwenye bili.

Upande wa Linux tuliweka vm.overcommit_memory kuwa 2, kama nyaraka za PostgreSQL zinavyoshauri. Hapo kerneli haiahidi isichokuwa nacho. Swali linalotaka memori isiyokuwepo linapata kosa lake peke yake na wengine wanaendelea. Na seva za programu zikafundishwa kusubiri zinapokataliwa: kidogo kwanza, kisha zaidi, kila moja kwa muda wake usiolingana na wa mwenzake, ili zisirudi kwa kishindo kimoja.

Wanaotumia MySQL, hifadhidata nyingine, wasidhani wamepona. Kwao max_connections huja na 151 na hubadilishwa seva ikiwa inafanya kazi, kwa SET GLOBAL, bila kuzima. Urahisi huo ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu unaondoa hata ile nafasi ya kufikiri ambayo kuzima kunakupa. Memori ya kila muunganisho inaongezeka vile vile, na kwa kuwa MySQL ni mchakato mmoja wenye nyuzi nyingi, kerneli ikiamua kuua haina mtoto wa kuchagua. Inaondoka seva nzima. Kuna na suala la mafaili. Kila muunganisho na kila jedwali lililofunguliwa linahitaji nafasi kwenye kikomo cha mafaili ambacho Linux imeipa seva. Kikomo kikiwa 1024, table_open_cache (idadi ya majedwali yanayobaki wazi) ikiwa 400, ukiomba miunganisho 500 seva itawaka na 214, kwa sababu 1024 ukiondoa 10 na ukiondoa 400 mara mbili inabaki 214. Itaandika onyo kwenye logi ambalo hakuna anayelisoma, na kikomo hicho usipokirekebisha kwenye faili la systemd, programu ya Linux inayowasha huduma, hutakiona kikibadilika hata ukiandika nini kwenye mipangilio ya MySQL. Nimewahi kukaa na timu iliyokuwa ikiapa kwamba imeweka 500, na kweli ilikuwa imeweka. Seva ilikuwa imeamua vingine.

Nirudi kwenye tiketi, maana kuna kazi iliyobaki pale na ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Kila hifadhidata ilipoanguka, kulikuwa na watu walioshaingiza namba ya siri. Fedha imetoka kwenye simu, lakini muamala wa kiti umekatwa na kufutwa, kama inavyotakiwa. Kwenye hifadhidata watu hao hawakuwepo kabisa. Walikuwepo kwenye taarifa za malipo peke yake. Yule kijana na dada mmoja wa uhasibu walikaa na orodha mbili, ya malipo na ya tiketi, wakizilinganisha mstari kwa mstari, wakipiga simu: samahani, ulilipa, kiti hukupata, tukurudishie au tukutafutie basi lingine? Wengine walikuwa wameshapata usafiri mwingine. Kuna mama alikuwa bado Mbezi na watoto, anasubiri ujumbe wa tiketi, wakampatia viti vya basi la mchana. Baada ya sikukuu tuliandika kazi ndogo inayojiendesha kila baada ya dakika chache, inauliza hali ya kila malipo yaliyoanzishwa, na ikikuta fedha imepokelewa bila tiketi inatafuta kiti kwenye basi lile lile au inarudisha fedha yenyewe, kisha inamwandikia mteja ujumbe kwa Kiswahili kinachoeleweka.